Kuchagua mota ya nyambizi ya kujitengenezea: mwongozo kwa wanaozamia Ghuba ya Winam

Anayeanza kujenga nyambizi ya mtu mmoja karibu kila mara huuliza kwanza mota iwe ya nguvu kiasi gani. Mimi naliweka swali hilo la tatu. La kwanza ni maji gani utazamia, na la pili ni mota itakutana na maji mahali gani. Ukiyajibu hayo mawili sawasawa, nguvu hujipanga yenyewe, tena huwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Naandika nikimfikiria mtu wa Kisumu, Homa Bay au Mbita ambaye tayari ana ganda la chuma lililopimwa shinikizo bila mtu ndani, lenye uzito wa tani moja na nusu au mbili, na anayekusudia kuzama mita 10 hivi, mtu mmoja ndani akipumua hewa ya kawaida. Ganda, matangi ya maji na hewa ya kupumua havimo katika mwongozo huu. Kama bado hujavimaliza, usinunue mota.

Hatua ya kwanza: yasome maji yako

Miongozo mingi ya nyambizi ndogo imeandikwa na watu wanaozamia bahari safi au maziwa baridi ya Ulaya na Marekani, ambako unaona mita 10 mbele. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, haiko hivyo. Ziwa Victoria kwa jumla lina kina cha wastani cha mita 40, na sehemu yake ya chini kabisa inakaribia mita 80, lakini upande wa Kisumu sehemu kubwa ya ghuba haifiki mita 10. Sakafu ni tope laini, na maji yenyewe yana udongo na mwani. Mara nyingi ukinyoosha mkono ndani ya maji huoni vidole vyako.

Vitu vinne vitaamua mota yako kabla hujafungua pochi.

Kuna gugumaji, ambalo limo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Shida yake haiishii juu ya maji, kwa sababu mizizi inaning'inia chini kama ndevu na propela inayozunguka huivuta. Zulia la gugumaji pia halitulii. Upepo wa mchana unaotoka ziwani hulisukuma kuingia ghubani, na mahali ulipozamia asubuhi pakiwa peupe panaweza kuwa pamefunikwa saa nane.

Kuna nyavu. Nyavu za naili za mbuta na ngege hutegwa jioni na kuachwa majini usiku kucha, na zilizopotea hubaki zikielea au zikilala kwenye tope bila boya la kuzionyesha. Uzi mwembamba wa naili ukijisokota kwenye shafti, mhimili unaozungusha propela, huingia kati ya propela na kasha la mota na kuikata sili, mpira unaozuia maji yasiingie, kama wembe. Wenye injini za boti wanaujua ubaya huo, ila wao hukaa juu ya maji na wanaweza kuinua injini wakaung'oa uzi kwa kisu.

Kuna vizimba vya kufugia samaki, na kila kimoja kina kamba za nanga zinazoshuka kwa mshazari hadi chini. Na kuna tope lenyewe. Propela ikikaribia sakafu hulitimua, na hata kile kidogo ulichokuwa unaona kinapotea.

Kwa maji ya namna hii nyambizi nzuri ni ya polepole, yenye propela chache zilizokingwa, zilizowekwa juu mbali na sakafu. Ukiipeleka nje ya ghuba, ukapita mlango wa Rusinga kuelekea ziwa kuu, utapata maji ya kina na yanayoonyesha zaidi, lakini na mawimbi pia, na msaada uko mbali.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kasi

Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne, na nguvu unayohitaji huongezeka mara nane. Sheria hii haina huruma, na ndiyo inayowafilisi wanaotaka nyambizi ya kukimbia.

Tuchukue nyambizi yenye uso wa mbele wa mita mraba moja, umbo la kawaida la kuchomelea, lenye miguu, taa na mabomba yaliyojitokeza. Kwa makadirio ya kawaida ya umbo kama hilo, mwendo wa kilomita 3 kwa saa unahitaji msukumo wa kilo 14 hivi. Kilomita 4 kwa saa ni kilo 25. Kilomita 6 kwa saa ni kilo 57.

Sasa tazama betri. Propela, mota na nyaya vyote hupoteza nguvu njiani, na kwa chombo cha kujitengenezea ni busara kuhesabu kwamba asilimia 40 tu ya umeme ndiyo itakuwa msukumo. Kwa kilomita 3 utatumia wati 300, kwa kilomita 4 wati 700, na kwa kilomita 6 wati 2,300. Betri mbili za sola za volti 12 na ampea-saa 200, ukitumia nusu tu ya chaji ili usiziue, zitakupa kama wati-saa 2,400. Kwa kilomita 4 kwa saa utakwenda zaidi ya saa tatu na kufika kama kilomita 13. Kwa kilomita 6 zitakwisha baada ya saa moja tu, na hata saa hiyo huenda isitimie kwa sababu betri za risasi hutoa umeme pungufu zikikamuliwa haraka.

Ushauri wangu ni kupanga kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Katika maji usiyoona mita moja mbele, hata huo unatosha kukugonganisha na kitu. Kufika mahali pa kuzamia, fungia kamba kwenye boti ya mvuvi yenye injini ya farasi 15 na ikukokote. Boti ya kusindikiza lazima iwepo hata hivyo, basi ifanye kazi.

Hatua ya tatu: ondoa yasiyofaa

Injini ya petroli au dizeli ndani ya ganda, sahau. Kila kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue, na moshi wake una kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Mvuke wa petroli pia ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, mahali betri na swichi zilipo. Cheche moja inatosha.

Pedali zinavutia kwa sababu hazina umeme. Historia inazo: chombo cha David Bushnell huko Marekani mwaka 1775 kilisukumwa kwa mkono, na nyambizi H. L. Hunley, iliyoizamisha meli ya kivita USS Housatonic tarehe 17 Februari 1864, ilizungushwa na wanaume 7 kwenye shafti moja huku wa nane akiongoza. Hunley nayo haikurudi usiku huo. Mtu wa kawaida anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu, nayo hata kilomita 3 kwa saa haitoshi kwa nyambizi tuliyoipigia hesabu. Kibaya zaidi, mwili unaofanya kazi ngumu unakula oksijeni mara nne, tano au zaidi ya mwili uliotulia. Ndani ya chumba kilichofungwa, unayekanyaga pedali ndiwe unayemaliza hewa. Pedali ziachiwe nyambizi za mashindano zilizojaa maji, ambazo rubani wake huvuta hewa ya mtungi.

Ipo pia njia ya kupaa chini ya maji kwa mabawa, ukizama na kuibuka kwa kubadilisha uzito. Mmarekani Karl Stanley alijenga moja ya hizo na kuzamia nayo Roatán, Honduras. Ni kazi nzuri, lakini inahitaji kina kirefu cha kushuka na kupanda. Kwenye mita 8 za Winam utagonga tope kabla hujaanza kupaa.

Inabaki mota ya umeme.

Hatua ya nne: mota ikae nje, na shafti isipite kwenye ganda

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Ukiweka mota ndani na propela nje, shafti inayozunguka lazima ipite kwenye tundu la ganda. Tundu hilo hulindwa kwa sili, na sili ya kitu kinachozunguka huchakaa. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la kilo moja kwa kila sentimita mraba. Oili sili za kawaida, zile za madukani za magari na pikipiki, zimetengenezwa kuzuia mafuta yasitoke, na nyingi huvumilia theluthi moja tu ya shinikizo hilo. Ikishindwa, maji yanaingia ulipoketi.

Mota ikiwa nje, kinachopita kwenye ganda ni nyaya tu, na nyaya hazizunguki. Sili ya mota ikishindwa, unapoteza mota. Maji hayakufikii.

Mota zinazopatikana kwa urahisi ni zile za umeme za boti ndogo za uvuvi, zinazoagizwa kutoka nje. Msukumo wake huandikwa kwa paundi: 55 ni kilo 25, na 80, ambayo kwa kawaida ni ya volti 24, ni kilo 36. Kumbuka hiyo ni namba ya mota iliyosimama, na chombo kikianza kwenda msukumo hupungua. Mota hizi zimetengenezwa kuzama nusu mita, na sili zake hazikukusudiwa mita 10. Kuna njia tatu za kuzisaidia.

Ya kwanza ni kuijaza mafuta, na ndiyo ninayoipendekeza. Mafuta hayabonyei kama hewa, kwa hiyo shinikizo la nje na la ndani likilingana, sili haina kazi kubwa ya kufanya. Tumia mafuta meupe ya madini, yasiyo na rangi, ya aina inayotengenezewa mafuta ya watoto. Ni mepesi, na yakivuja hayatakuwa oili chafu kwenye maji ambayo watu wanachota na kuvua.

Toboa tundu dogo kwenye kasha la mota, ufunge mpira mfupi unaoishia kwenye kifuko laini kilichojaa mafuta yaleyale. Maji hukibonyeza kifuko, nacho hupitisha shinikizo ndani. Fundi yeyote atakwambia utumie tyubu ya baiskeli. Usikubali. Mpira wa tyubu ukikaa ndani ya mafuta ya madini huvimba, hulainika na mwishowe hupasuka. Tafuta mpira unaovumilia petroli, kama ule wa mabomba ya mafuta ya pikipiki.

Kujaza kunataka subira. Simamisha mota, tundu likiwa sehemu ya juu kabisa, mimina pole pole, na uzungushe propela kwa mkono. Utaona mapovu madogo yakipanda kutoka katikati ya waya za shaba, moja moja, kisha yanakoma, kisha ukiinamisha mota kidogo yanaanza tena. Iache hadi kesho yake, ongeza mafuta, izungushe tena. Povu lolote litakalobaki litajikunja hadi chini ya nusu ya ukubwa wake ukiwa mita 10, na nafasi hiyo itataka kujazwa na kitu. Kama kifuko ni kidogo, itajazwa na maji.

Mota ya brashi iliyojaa mafuta hupoteza nguvu kiasi, na unga wa kaboni wa brashi huyafanya mafuta kuwa meusi. Yabadilishe yakiwa meusi. Mota isiyo na brashi, kama zile za pikipiki za umeme, huishi vizuri zaidi ndani ya mafuta.

Njia ya pili ni kuilisha mota hewa kutoka mtungi wa kupigia mbizi kupitia regyuleta, kifaa kinachodhibiti shinikizo la hewa. Inafanya kazi, lakini lazima uweke vali ya kutoa hewa wakati wa kuibuka, la sivyo hewa itakayopanuka itazisukuma sili zitoke. Na mtungi ukiisha, kinga imeisha.

Njia ya tatu ni mota zilizotengenezwa kwa roboti za chini ya maji, ambazo maji hupita ndani yake bila madhara na hazina sili ya shafti kabisa. T200 ya Blue Robotics inafahamika sana na husukuma takriban kilo 5 kwa volti 16. Moja haiwezi kusukuma tani mbili, lakini kwa kushuka na kupanda ni nzuri mno, kama utakavyoona hapa chini.

Jambo moja la nyaya ambalo wengi hulipita. Waya wa nyuzi nyingi ni bomba jembamba. Mota ikijaa maji, maji hupenya kati ya nyuzi za shaba, chini ya plastiki, na kutokea ndani ya ganda hata kama sehemu ya nje ya waya umeiziba vizuri. Pale waya unapopita kwenye ganda, ukate, uunganishe kwa kipande cha shaba nzima kisicho na nyuzi, kisha uzibe kwa gundi ya epoksi pande zote.

Hatua ya tano: propela na kinga yake

Propela kubwa inayozunguka taratibu husukuma vizuri kuliko ndogo inayokimbia. Propela za injini za boti zimekatwa kwa mwendo mkubwa. Usizifunge kwenye mota yako.

Pete ya Kort, bomba fupi linaloizunguka propela, huongeza msukumo kwenye mwendo mdogo na hukinga mapanga. Baharini ningeisifu bila kusita. Winam inanitia wasiwasi, kwa sababu mzizi wa gugumaji ukikwama kati ya panga na pete, mota inasimama papo hapo na umeme mwingi unapita kwenye mota isiyozunguka. Naona bora kizimba cha vyuma vyembamba kilichochomelewa nyuma na mbele ya propela, chenye nafasi ya vidole viwili, kisicho na ncha wala kona ya kunasa uzi. Mafundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu, wanaweza kukitengeneza kwa siku moja. Kisha vuta waya wa chuma kutoka puani mwa nyambizi hadi juu ya kila kizimba, ili wavu uteleze upite pembeni.

Ndani ya kizimba weka pini laini ya shafti inayokatika mzigo ukizidi. Pini ni ya bei ndogo, mota ni ya bei kubwa.

Hatua ya sita: mpangilio

Mimi nashauri mota mbili za kilo 36, moja kila ubavu, kwenye urefu wa katikati ya ganda. Ukiziweka juu sana pua itainama, chini sana itainuka. Mbili zinakupa usukani bila usukani: moja mbele, nyingine nyuma, na nyambizi inageuka papo ilipo. Na moja ikinaswa, iliyobaki itakutoa.

Kwa kwenda juu na chini, weka mota ndogo mbili zinazoelekea wima. Hapa nina msimamo ambao sitaubadilisha kwa mzamiaji wa ghuba hii: sawazisha nyambizi iwe nyepesi kuliko maji kwa kilo 4 au 5, na utumie mota za wima kuishikilia chini. Inakula umeme muda wote, ni kweli. Lakini siku fyuzi ikikatika, betri ikifa au mkono wako ukiachia swichi, unapanda mwenyewe bila kufanya lolote. Mota isiwe kamwe kitu kinachokurudisha juu. Hiyo ni kazi ya wepesi wa chombo, matangi, na uzito wa dharura unaoweza kuudondosha kwa mkono ukiwa ndani.

Swichi zote ziwe za kushikilia, ukiziachilia mota zizime.

Hatua ya saba: betri na umeme

Baki kwenye volti 24, au zisizidi 48. Betri za risasi hutoa hidrojeni zikichajiwa, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka, kwa hiyo chaji mfuniko ukiwa wazi na upepo ukipita, kisha subiri kabla ya kufunga. Lithiamu ni nyepesi lakini moto wake ndani ya chumba kilichofungwa hauna mahali pa kwenda. Kama unaitaka, chagua ya fosfeti ya chuma na uiweke kwenye kasha lake nje ya chumba chako.

Kila mota iwe na fyuzi yake karibu na betri. Waya chanya na hasi zisokotwe pamoja hadi kwenye mota, kwa sababu mkondo mkubwa huivuta dira, na katika maji ya Winam dira ndiyo macho yako. Kwa kutu, maji haya si ya chumvi, hivyo kafara ya magnesiamu, kipande cha metali kinacholiwa na kutu badala ya ganda, hufanya kazi kuliko ya zinki.

Hatua ya nane: pima kabla ya kukaa ndani

Ongea kwanza na BMU, kamati ya kusimamia ufuo, ya mahali pako. Wao wanajua nyavu zimetegwa wapi, vizimba viko wapi, na viboko wanatokea saa ngapi. KMA, mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, na Walinzi wa Pwani wajulishwe pia, kwa sababu kitu cha chuma kinachoibuka katikati ya wavuvi wa omena usiku kitaleta taharuki. Zamia mchana.

Funga nyambizi tupu kwa kamba kwenye nguzo imara ufuoni, Dunga kwa mfano, na katikati ya kamba weka mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia samaki au magunia. Washa mota moja, soma kilo, soma ampea, andika. Washa ya pili, andika. Namba zikiwa chini sana ya zile za kiwandani, angalia unene wa waya kwanza, halafu mafuta, halafu propela.

Kisha zishushe mota peke yake kwa kamba hadi mara moja na nusu ya kina unachokusudia, yaani mita 15 kwa mwenye kuzama 10. Itabidi uende na boti kuelekea Rusinga kupata kina hicho. Ziache saa nzima zikizunguka kwa umeme wa boti. Zikitoka, fungua kifuko na umimine mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo. Yakiwa na ukungu mweupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha sili na urudie. Yakiwa angavu, au meusi kidogo kwa kaboni tu, zifunge kwenye nyambizi.

Mara ya kwanza ukiwa ndani, kaa maji ya mita 3, kamba imefungwa juu, boti karibu, na mtu wa kuhesabu dakika. Zima umeme wote kwa makusudi uone kama unapanda. Fanya hivyo kila siku ya kuzamia, kabla ya jambo lingine lolote. Na ukibadilisha propela, betri au sili, rudi kwenye kamba na mizani kwanza.